Mtafiti darasani kwangu kwa mwaka mzima: nilivyouona mpango huu wa somo la maji

Nimefundisha sayansi kwa miaka 14, na kwa muda huo nimepokea wageni wa kila namna darasani: wa mabango, wa fulana, wa kupiga picha na watoto na kuondoka kabla kengele haijalia. Kwa hiyo barua ilipofika kwamba shule yetu inaweza kupewa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akae nami mwaka mzima, siku mbili kila wiki, tufundishe pamoja mada za mazingira na maji, niliiacha mezani wiki mbili bila kuijibu. Nilihofia kubebeshwa mzigo mwingine wenye jina zuri.

Mwaka umekwisha. Naandika haya kwa mwalimu mwenzangu ambaye barua kama ile iko mezani kwake sasa. Kubali. Ila usitie saini mpaka waandike kwenye makubaliano kwamba kila wiki kutakuwa na saa moja ya nyinyi wawili kupanga pamoja, ndani ya ratiba, si jioni mkiwa mmechoka. Saa hiyo naithamini kuliko vifaa vyote walivyotuletea.

Kwanza mpango wenyewe. Mtafiti ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye katikati ya utafiti wake. Mfadhili anamlipa posho ya kujikimu, naye saa ambazo angesimamia maabara za chuoni anazileta shuleni. Mwalimu anabaki mwenye darasa: mtaala, alama na nidhamu viko mikononi mwake. Mtindo huu haukuanza leo. Marekani, Taasisi ya Taifa ya Sayansi iliuanzisha mwaka 1999 kwa jina la GK-12, ikawalipa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wafanye kazi bega kwa bega na walimu wa shule, na kila chuo kikajichagulia mada zake. Ufadhili ule baadaye ulisitishwa, lakini muundo wake ndio niliouona kwenye mpango tuliopewa sisi.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda kombo. Mtafiti tuliyepewa, binti mmoja, alikuja na slaidi 43 za mzunguko wa naitrojeni kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Alizungumza vizuri, sauti ilisikika, picha zilivutia. Mimi nilikaa nyuma ya darasa, na kutoka kule nyuma niliona kitu ambacho yeye akiwa mbele hakukiona: watoto walikuwa wananakili. Hawakuwa wanafikiri wala kuuliza, kalamu tu zinakimbizana na slaidi. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu nikamwomba tukae.

Tulikaa kwenye chumba cha maandalizi, kati ya makabati, na badala ya kumwambia alichokosea nilimuuliza swali moja: wewe huko chuoni unatafuta nini hasa? Akanieleza. Anachunguza kwa nini maji ya chini ya ziwa huishiwa oksijeni, na jambo hilo linawafanya nini samaki na madini yaliyolala kwenye tope. Alivyolieleza, mikono yake ilikuwa inachora ziwa hewani, tabaka la juu na la chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu ambaye darasa langu lilikuwa halijamwona. Nikamwambia, basi watoto wafundishe hilo. Akasema, lakini Mwalimu, halimo kwenye mtaala. Nikafungua mtaala nikamwonyesha: gesi kuyeyuka katika kimiminika, upumuaji, usanisinuru, uchafuzi wa maji, vipimo na makosa ya vipimo. Lote limo, ila limetawanywa kwenye sura tano. Hapo ndipo mpango ulipoanza kwetu. Yeye alikuwa na swali, mimi nilikuwa na ramani ya kulifikia, na hakuna kati yetu ambaye angefika peke yake.

Tukachagua bwawa dogo lililo nyuma ya shule, lile lenye maji ya kijani ambalo watoto walilipita kila siku bila kulitazama. Swali la muhula likawa moja: katika bwawa hili samaki anaweza kuishi?

Sasa nieleze namna tulivyopima, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Kuna vipima-oksijeni vya umeme. Unatumbukiza ncha majini, namba inajiandika kwenye kioo. Mtafiti wetu alikuwa nacho kimoja na alikiacha ndani ya mkoba kwa wiki sita. Alianza na njia aliyoichapisha mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888. Unajaza chupa maji ya bwawa mpaka juu kabisa, bila kiputo hata kimoja cha hewa. Unatia manganizi salfeti, kisha mchanganyiko wa alkali na iodidi, unafunga, unageuza chupa juu chini. Kama maji hayana oksijeni, kinachotuama ni cheupe. Kama yana oksijeni, mtuamo unakuwa wa kahawia, na kadiri oksijeni inavyozidi ndivyo kahawia inavyokolea. Yaani mtoto anaiona. Gesi ambayo tangu darasa la chini ameambiwa ipo, haina rangi, haina harufu, ameikariri kwenye mtihani, leo inashuka polepole kama mawingu ya kahawia ndani ya chupa aliyoishika mwenyewe. Darasa zima lilinyamaza. Nimefundisha oksijeni miaka 14 na sijawahi kulisikia darasa likinyamaza namna ile.

Kisha inatiwa asidi, kahawia inayeyuka na kuwa njano ya dhahabu, ambayo ni iodini. Hapo bureti, mrija wa kioo wenye alama za vipimo na bomba dogo chini, inaingia kazini. Unadondosha thiosalfeti, kemikali inayoiondoa iodini, tone kwa tone, njano inafifia, unaongeza maji ya wanga, chupa inageuka buluu, unaendelea tone, tone, tone, mpaka buluu inatoweka ghafla. Kwa ukubwa wa sampuli tuliotumia, mililita 200, na thiosalfeti ya 0.025 molari (kipimo cha ukolezi), kila mililita moja iliyotoka kwenye bureti ni miligramu moja ya oksijeni katika kila lita ya maji. Hakuna hesabu ya kumtisha mtu. Unasoma bureti, umepata jibu. Mtafiti ndiye aliyepanga vipimo vikae hivyo, baada ya mimi kumweleza kwamba nusu ya darasa hili wakiona kanuni ya moli wanafunga daftari. Hayo ni matunda ya saa ya kupanga.

Siku ya kwanza ya kupima kwa dhati tulitoka saa moja na nusu asubuhi, makundi matatu, bwawa moja, kingo ileile. Kundi la kwanza lilipata 2.8, la pili 3.0, la tatu 5.9. Kundi la tatu wakaanza kushangilia kana kwamba wameshinda. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea ubaoni kuandika kwamba kundi la tatu wamekosea. Ndivyo nilivyozoea: jibu lisilofanana na mengine ni kosa, tunalifuta, tunasonga mbele. Mtafiti akanigusa bega, akaniomba kwa sauti ya chini nisubiri. Akawageukia watoto akawauliza: elezeni mlichokifanya, hatua kwa hatua, msiruke hata moja.

Wakaeleza. Walichota kwa ndoo, wakaimimina chupani kutoka juu. Kijana mmoja wa kundi la pili akanyanyua mkono: "Si mmeyapiga hewa hayo?" Basi. Maji yalipomiminwa kwa kishindo yalichukua oksijeni hewani. Makundi mengine yalizamisha chupa taratibu na kuifungia chini ya maji. Wakarudia, safari hii kwa kuzamisha, wakapata 2.9. Ndipo mtafiti akawaambia kwamba yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza chuoni, alifanya kosa hilohilo na akalazimika kutupa data za mwezi mzima. Aliwaambia hivyo kwa uso mkavu, bila kulipunguza uzito. Watoto walimtazama kwa namna mpya. Mtu wa uzamivu anakosea, anasema, anarudia! Kwangu mimi hilo lilikuwa somo kubwa kuliko kemia yote ya siku ile, na nakiri kwamba nisingeweza kulifundisha peke yangu, kwa sababu mimi sijawahi kukusanya data ambazo jibu lake halimo nyuma ya kitabu.

Alasiri ya siku hiyo, saa tisa, tulirudi bwawani. Jua lilikuwa kali, maji nyuzi 28. Makundi yote matatu, yote yakizamisha chupa, yalipata kati ya 11.2 na 11.6. Ukutani tulikuwa na jedwali linaloonyesha kiasi cha juu cha oksijeni ambacho maji safi yanaweza kubeba yakitulia na hewa: kwenye nyuzi 0 ni miligramu 14.6 kwa lita, kwenye nyuzi 20 ni 9.1, kwenye nyuzi 28 ni takriban 7.8. Watoto wakalitazama jedwali, wakazitazama chupa zao. Msichana mmoja akauliza swali lililonifanya niache kusahihisha madaftari: "Jedwali limekosea, au sisi?"

Mtafiti akajibu: "Sijui bado. Tupime tena kesho."

Nilimuuliza baadaye kama kweli hakujua. Akasema alikuwa na dhana, lakini chupa tatu hazitoshi kumfanya mtu aape. Tulipima siku nne mfululizo, asubuhi na alasiri. Mchoro ulipokamilika ukutani ulikuwa unapanda na kushuka kama pumzi: asubuhi chini, alasiri juu, kila siku. Wao wenyewe walifika. Mwani, ile kijani ya bwawa, mchana unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua haraka kuliko maji yanavyoweza kuiachia iende hewani, ndiyo maana inazidi kiwango cha jedwali. Usiku hakuna mwanga, lakini mwani, bakteria na kila chenye uhai kinaendelea kupumua, na kufikia alfajiri akiba imekaribia kwisha. Usanisinuru na upumuaji, sura mbili za kitabu ambazo kila mwaka wanafunzi wangu huzichanganya kwenye mtihani, zilikuwa zinaonekana kwenye mstari mmoja waliouchora kwa mikono yao. Na jibu la swali la muhula likawa zito kuliko nilivyotarajia: samaki angeweza kustawi saa tisa na kufa kabla ya mapambazuko. Anayepima mchana pekee atasema bwawa ni zima.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Tulitengeneza kisahani cha Secchi, cha kupimia uangavu wa maji, kwa kifuniko cha ndoo, upana sentimita 20, robo nyeusi, robo nyeupe. Mwenye jina lake, Angelo Secchi, alikuwa padri na mwanaastronomia wa Italia aliyekijaribu baharini mwaka 1865. Unakishusha kwa kamba, unaandika kina kinapotoweka machoni. Kabla ya mvua kwetu kilitoweka kwenye sentimita 34. Siku moja baada ya mvua kubwa, 11. Ni kifaa cha bure, kila shule inaweza kuwa nacho. Tulichota pia wadudu wa chini kwa wavu, na watoto walishangazwa na vibuu vyekundu vinavyoishi ndani ya tope. Wekundu wao ni himoglobini, jamaa wa ile iliyo katika damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Kibuu chekundu kikiwa kingi na wengine wakiwa wachache, bwawa limeshakueleza hali yake hata kabla hujafungua kemikali.

Sasa malalamiko yangu, na ninayo.

Sanduku la kemikali lilichelewa wiki tano, na lilipofika, vijiti vya kupimia naitreti vilikuwa vimepitwa na muda. Tuligundua kwa sababu maji tuliyotengeneza wenyewe kwa kiwango kinachojulikana, miligramu 50 kwa lita, yalisoma karibu na sifuri. Mtafiti aliligeuza kuwa somo la kuhakiki kifaa kabla ya kukiamini, na ninamshukuru, lakini mpango hauwezi kutegemea wema wa mtu mmoja kuziba uzembe wa ghala. Hamsini si namba ya kuchezea. Ndicho kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti katika maji ya kunywa, kikilenga hasa kuwalinda watoto wachanga. Shule ambayo ingeviamini vijiti vile kupima kisima ingewaambia watu wake maji ni salama.

La pili ni asidi. Njia ya Winkler inatumia asidi ya salfuriki kali, na miwani ya kinga ilikuja 12 kwa darasa la watoto 46. Nilikataa. Kwa wiki mbili asidi tuliitia sisi wawili tu, watoto wakisimama nyuma ya mstari wa chaki, mpaka miwani mingine ikapatikana. Ofisi ya mpango ilinijibu kwamba shule nyingine hazikulalamika. Jibu hilo lilinikasirisha na bado linanikasirisha. Mwalimu ndiye anayeishi na mzazi wa mtoto aliyeungua.

La tatu ni ratiba. Chuo kina kalenda yake na shule ina yake, na hakuna aliyeziweka mbili hizo mezani kabla ya kuanza. Mtafiti alitoweka wiki tatu kwenda ziwani kwa utafiti wake, ndizo wiki tulizokuwa tumefika kwenye bakteria. Niliendesha vipindi vile peke yangu na nilivimudu, lakini kwa sababu tu tulikuwa tumeviandaa pamoja mapema. Ambaye hakuandaa angerudi kwenye kunakili.

Na la nne ndilo linaloniuma zaidi. Siku ya mwisho lilikuja gari kuchukua vifaa. Bureti, chupa, kipima-oksijeni, wavu, vyote. Watoto walisaidia kupakia. Mpango unaojiita ushirika hauwezi kuondoka na bureti. Tumebaki na kisahani cha Secchi, kwa sababu tulikitengeneza sisi, na michoro ukutani.

Kuna swali nililoulizwa na mwalimu wa shule nyingine: je, hawa vijana wanakuja kwetu kujaza fomu za ufadhili tu, au wananufaika? Wananufaika, na si kwa maneno yangu. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Feldon na wenzake, uliolinganisha maandiko ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo. Wale waliokuwa wakifundisha huku wakitafiti waliimarika zaidi katika kuunda nadharia tete zinazopimika na katika kupanga majaribio kuliko wale waliotafiti tu. Nililiona hilo kwa macho. Yule binti wa slaidi 43, kufikia mwezi wa sita, alikuwa anaanza kipindi kwa chupa moja mezani na swali moja, kisha ananyamaza. Aliniambia kwamba swali la msichana yule, jedwali limekosea au sisi, amelibandika juu ya meza yake chuoni.

Nami nimebadilika mahali pamoja mahususi: sifuti tena namba isiyofanana na nyingine. Namwambia mwenye namba aeleze alichokifanya, hatua kwa hatua. Inakula muda. Muhula uliopita sikumaliza mada mbili za mwisho kama nilivyozimaliza miaka ya nyuma, na mkuu wangu wa idara aliniita kuniuliza. Nilimpeleka kwenye ule mchoro wa ukutani na nikamwomba amchague mtoto yeyote auelezee. Alichagua watatu.

Nikiulizwa nyota, natoa nne kati ya tano. Ya tano naizuia mpaka vifaa vibaki shuleni. Nimeshatuma maombi ya mwaka ujao, na kwa mkono wangu nimeongeza masharti matatu chini ya fomu yao: saa ya kupanga ndani ya ratiba, kalenda mbili ziwekwe pamoja kabla ya siku ya kwanza, na miwani kwa kila mtoto kabla chupa ya asidi haijafunguliwa. Bado hawajanijibu. Wakati huohuo, wanafunzi wanne wanakwenda bwawani kila Ijumaa saa moja na nusu asubuhi na kile kisahani cha kifuniko cha ndoo, na daftari lao limefika ukurasa wa 19.